Jaji Isaac Parker: ni kweli aliwanyonga watu bila kuwapa rufaa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sheria, niko Morogoro. Katika mada ya historia ya adhabu ya kifo nimekutana na jaji wa Marekani aitwaye Isaac Parker, ambaye wengi wanamwita "Jaji Mnyongaji". Nimesoma kwamba kwa miaka mingi hukumu zake hazikukatiwa rufaa, hata za kifo. Inawezekanaje nchi yenye Katiba na Mahakama ya Juu ikampa mtu mmoja mamlaka kama hayo? Na je, alikuwa mkatili kweli au wanamwonea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulichosoma ni kweli. Kuanzia Mei 1875 hadi 1889, mtu aliyehukumiwa kifo na Jaji Parker mjini Fort Smith, jimbo la Arkansas, hakuwa na mahakama nyingine ya kukimbilia. Kilichomsalia ni kumwandikia Rais wa Marekani akiomba ahurumiwe. Mamlaka hayo Parker hakuyapora. Bunge ndilo lililompa, kwa sheria zilizotungwa vipande vipande, kila moja kwa shida ya wakati wake, bila mtu kuuliza zikijumlishwa zinazaa nini. Ndiyo maana nitaanza na mahakama yenyewe kabla ya kumgusa mtu. Wengi walioanza na mtu wameishia kwenye hadithi za kamba na jukwaa tu.

Katika miaka ya 1830 serikali ya Marekani iliyahamisha kwa nguvu mataifa matano ya wenyeji wa asili kutoka kusini mashariki mwa nchi: Cherokee, Choctaw, Chickasaw, Creek na Seminole. Maelfu walikufa njiani. Waliosalimika walipewa ardhi ng'ambo ya mpaka wa Arkansas, iliyokuja kuitwa Indian Territory na ambayo leo ni sehemu ya jimbo la Oklahoma. Huko walijenga upya serikali zao, wakawa na mabunge, mahakama na askari wao. Lakini mahakama zao zilikuwa na nguvu juu ya raia wao tu. Mzungu akimuua mzungu mwenzake katika ardhi ya Cherokee, au mzungu akimuua Mchoctaw, au Mcreek akimuua mzungu, kesi ilivuka mpaka na kupelekwa kwenye mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, ya Wilaya ya Magharibi ya Arkansas, ambayo tangu 1871 ilikuwa inakaa Fort Smith.

Eneo ambalo mahakama hiyo ililihudumia lilikuwa takriban maili za mraba 74,000. Ukizijumlisha Rwanda na Burundi bado hujafika hata theluthi yake. Jaji alikuwa mmoja. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, wezi wa farasi, wauza pombe haramu na wauaji kutoka majimbo ya jirani walikimbilia huko kwa sababu walijua kwamba mahakama za wenyeji haziwezi kuwagusa.

Sasa kuhusu rufaa. Usidhani Fort Smith ilitengwa peke yake kwa ukali. Katika mahakama zote za shirikisho za wakati huo, mtu aliyetiwa hatiani kwa jinai hakuwa na haki ya kawaida ya kukata rufaa kwenye Mahakama ya Juu. Kwingineko kulikuwa na mlango mdogo: majaji wawili waliweza kusikiliza kesi pamoja, na wakitofautiana juu ya hoja ya sheria, hoja hiyo ilipelekwa juu. Bunge liliipa mahakama ya Fort Smith mamlaka ya ngazi zote mbili za mahakama za shirikisho zilizosikiliza kesi kwa mara ya kwanza, na Parker alikaa peke yake. Jaji aliye peke yake hawezi kutofautiana na nafsi yake, kwa hiyo hata ule mlango mdogo haukuwapo.

Ongeza jambo la pili ambalo wewe wa Tanzania utalielewa haraka, kwa sababu Kanuni yetu ya Adhabu nayo inataka kifo kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Sheria ya shirikisho ya Marekani iliweka adhabu ya kifo kwa mauaji ya kukusudia na kwa ubakaji, na haikumpa jaji nafasi ya kuchagua adhabu nyingine. Juri, yaani raia walioitwa kuamua kesi, ikishatamka kwamba mtu ana hatia, kilichobaki kwa Parker kilikuwa kupanga tarehe. Sheria iliyoruhusu juri kuondoa adhabu ya kifo ilipitishwa Januari 1897, na Parker wakati huo alikuwa tayari kaburini.

Jambo la tatu huwa linapita bila kutajwa, na mimi naliona zito kuliko yote. Mwaka 1875 mshtakiwa katika mahakama ya shirikisho hakuruhusiwa kutoa ushahidi wa kiapo katika kesi yake mwenyewe. Ruhusa hiyo ilikuja kwa sheria ya 1878. Maana yake ni kwamba watu wa kwanza waliohukumiwa kufa na Parker walihukumiwa bila juri kuwasikia wakijieleza chini ya kiapo, na bila mahakama ya juu yao kupitia kumbukumbu za kesi. Chukua mambo hayo matatu uyaweke mikononi mwa jaji yeyote, mpole au mkali, halafu ujiulize ungependa kesi ya ndugu yako isikilizwe na nani.

Mtu mwenyewe alizaliwa Oktoba 1838 huko Ohio, katika familia ya wakulima. Alisoma sheria kwa kujifunza mwenyewe na kwa mawakili, kama ilivyokuwa desturi, akapokelewa kuwa wakili 1859, kisha akahamia St. Joseph, Missouri. Alianza siasa upande wa Democrat, vita vilipoanza akahamia kwa Republican. Alikuwa mwendesha mashtaka, akawa jaji wa jimbo, halafu akachaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi kwa vipindi viwili, 1871 hadi 1875. Siasa za Missouri zilipogeuka dhidi ya chama chake, aliomba kazi kwa Rais Ulysses Grant. Grant alimteua kwanza kuwa jaji mkuu wa Utah, lakini Parker mwenyewe akaomba Fort Smith. Alikuwa na miaka 36.

Mahakama aliyoikuta ilikuwa imechafuka. Jaji aliyemtangulia, William Story, alikuwa amejiuzulu huku tuhuma za rushwa zikimwandama. Parker alifika Mei 4, 1875, na siku sita baadaye akafungua kikao. Katika kikao hicho cha kwanza watu 18 walishtakiwa kwa mauaji na 15 wakatiwa hatiani. Wanane walipangiwa kufa. Mmoja aliuawa akijaribu kutoroka, na mwingine alipunguziwa adhabu kwa sababu ya umri wake mdogo. Sita waliobaki walinyongwa kwa pamoja Septemba 3, 1875: wazungu watatu, wawili wenye damu ya Cherokee, na mtu mweusi mmoja. Zaidi ya watu 5,000 walikuja kutazama, na waandishi wa habari kutoka miji ya mbali. Jina la "Jaji Mnyongaji" lina mizizi yake katika siku ile. Miaka michache baadaye jukwaa lilizungushiwa uzio, na waliotaka kutazama wakawa wanahitaji kibali.

Watu husimulia siku hiyo moja kana kwamba ndiyo miaka 21 yote. Kazi ya kawaida ya Parker ilikuwa tofauti. Alikaa kitini siku sita kwa wiki, kuanzia asubuhi hadi jua linazama, kwa mshahara wa dola 3,500 kwa mwaka. Kesi zilizopita mbele yake zinahesabiwa kuwa zaidi ya 13,000, na sehemu kubwa ni wizi wa farasi, kuuza pombe kwa wenyeji na kupigana. Zile ambazo adhabu yake ilikuwa kifo zilikuwa 344.

Waliomletea washtakiwa ni manaibu wa marshali. Sheria iliruhusu manaibu 200 kwa eneo lote lile. Hawakuwa na mshahara. Walilipwa dola 2 kwa kila mtu waliyemkamata na senti chache kwa kila maili waliyosafiri. Mtuhumiwa akiuawa wakati wa kukamatwa, malipo yake yalipotea. Walitoka Fort Smith na gari la kukokotwa, mpishi, na hati za kukamata, wakazunguka wiki kadhaa kisha wakarudi na msururu wa wafungwa. Wengi wao waliuawa kazini.

Aliyevuma kuliko wote ni Bass Reeves, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Arkansas mwaka 1838, mwaka uleule aliozaliwa Parker. Reeves hakujua kusoma. Kabla ya safari aliomba asomewe hati zote, akazihifadhi kichwani ya nani ni ipi, na alipomkamata mtu alimpa hati yake mwenyewe aisome. Alifanya kazi hiyo hadi 1907, Oklahoma ilipokuwa jimbo. Naye alipitia kizimbani: 1884 alimpiga risasi mpishi wake wakiwa safarini, mwaka 1887 akashtakiwa kwa mauaji mbele ya Parker, na juri ikamwachia huru. Ninalitaja hilo kwa sababu wapo wanaosema kuingia mbele ya Parker kulikuwa sawa na kufa. Katika kesi ile haikuwa hivyo, ingawa mtu alikuwa amekufa na mshtakiwa alikuwa mweusi katika Arkansas ya miaka ya 1880.

Kuna aibu moja ambayo haikutokana na sheria za kesi. Jela ya mahakama ilikuwa chini ya ardhi, katika jengo lililokuwa kambi ya jeshi. Vyumba vilikuwa viwili tu vya mawe, na wauaji, wezi, mashahidi waliozuiliwa na watu ambao hawajathibitishiwa kosa lolote walirundikwa humo pamoja. Ukumbi wa mahakama ulikuwa juu yake, na harufu ilipenya sakafuni hadi kwa jaji na juri. Katikati ya miaka ya 1880 Anna Dawes, binti wa seneta wa Massachusetts, aliitembelea na kuiandika kwa uchungu, akasaidia kulisukuma Bunge kutoa fedha. Jela mpya ilifunguliwa 1888. Kwa miaka 13 Parker alikaa juu ya shimo lile akitoa haki.

Kuhusu wenyeji wa asili, Parker alikuwa na msimamo ambao wazungu wengi wa mpakani hawakuupenda. Tangu akiwa bungeni alitetea mataifa yale yapewe stahiki zao za mikataba. Mwaka 1881 aliletewa David Payne, aliyekuwa akiongoza walowezi kuvamia ardhi ya Oklahoma kwa madai kwamba ni ardhi ya umma iliyo wazi. Parker aliamua kwamba si ya umma, akamtoza faini ya dola 1,000. Payne hakuwa na mali ya kukamatwa, hivyo faini haikulipika, na uvamizi ukaendelea. Parker alirudia mara nyingi kwamba uhalifu wa Indian Territory uliletwa hasa na watu waliotoka majimboni, na kwamba wenyeji hawakuwa taifa la wahalifu.

Lakini Bunge lilikuwa limeshaanza kuipunguza mahakama yake. Mwaka 1883 sehemu ya magharibi ya eneo ilikabidhiwa mahakama za Kansas na Texas. Mwaka 1889 mahakama mpya ya shirikisho ilifunguliwa Muskogee, ndani ya Indian Territory yenyewe, kwa makosa madogo. Na Februari 1889 ikaja sheria iliyobadilisha kila kitu: kila aliyehukumiwa kifo na mahakama ya shirikisho apate haki ya kupeleka kesi yake Mahakama ya Juu. Hapa ndipo nakuomba usome kwa makini, kwa sababu jibu la swali lako la pili limo humu.

Takriban theluthi mbili ya kesi zilizotoka Fort Smith zilirudishwa na Mahakama ya Juu zisikilizwe upya. Kiasi hicho hakielezeki kwa bahati mbaya wala kwa chuki binafsi. Kasoro ilikuwa ileile, kesi baada ya kesi, na ilikuwa katika maneno ambayo Parker aliiambia juri.

Nieleze kidogo kwa wasomaji wengine. Sisi Tanzania tumezoea wazee wa baraza, ambao maoni yao hayamfungi jaji. Juri ya Marekani ni raia 12, na wao ndio wanaoamua kama mtu ana hatia, wote kwa kauli moja. Kabla hawajaingia chumbani kujadiliana, jaji huwasomea maelekezo ya sheria. Katika mahakama za shirikisho jaji aliruhusiwa pia kuuzungumzia ushahidi. Parker alizungumza kwa saa nyingi, kwa sauti ya mhubiri. Katika mahojiano yake ya mwisho alikiri bila kusita kwamba juri inapaswa kuongozwa, na kwamba ikiongozwa itatenda haki.

Tazama kesi ya Henry Starr. Huyu alikuwa kijana wa Kicherokee aliyeruka dhamana katika kesi ya wizi wa farasi. Desemba 1892 Floyd Wilson alitumwa kumkamata. Walikutana uwanjani, wakafyatuliana risasi, Wilson akafa. Swali la msingi lilikuwa kama Starr alijua kwamba anayemkabili ni mtu wa serikali mwenye hati, au aliona tu mtu mwenye bunduki. Parker aliieleza juri sheria ya kujihami kwa namna iliyofunga karibu kila njia ya utetezi, kisha akaongeza maneno makali ya kumshutumu mshtakiwa kwa kuruka dhamana. Mwaka 1894 Jaji Mkuu Melville Fuller alitengua hukumu hiyo. Hoja yake ni kwamba juri humsikiliza jaji kwa heshima kubwa, hata neno lake jepesi linaweza kuamua kesi, na kwa hiyo jaji anapaswa kuchunga ulimi kuliko mtu mwingine yeyote ukumbini.

Kesi ya Sam Hickory, Mcherokee mwingine aliyeshtakiwa kumuua naibu marshali, ni ya aina hiyohiyo. Hickory alificha maiti, akatoroka. Parker aliiambia juri kwamba kukimbia kunaashiria hatia, akawanukulia Mithali 28: "Waovu hukimbia wasipofuatiwa na mtu, bali wenye haki ni wajasiri kama simba." Mimi ni muumini na naipenda aya hiyo, lakini haina nafasi katika maelekezo ya sheria. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ilisema kukimbia ni jambo moja tu la kupimwa pamoja na mengine, wala halileti dhana ya kisheria ya hatia. Katika kesi nyingine ya mwaka huohuo, ya Alberty, Jaji Henry Brown alieleza jambo ambalo kila askari wa mtaani analijua: wasio na hatia nao hukimbia, kwa kuogopa kudhaniwa wao ndio wahalifu, au kwa kutotaka kuitwa mashahidi.

Halafu kuna kesi ya Babe Beard, ambayo ilianza na ng'ombe mmoja. Ndugu watatu wa ukoo wa Jones walidai ng'ombe aliyekuwa shambani kwa Beard, wakaja kumchukua kwa nguvu, naye akawazuia. Will Jones alitangaza kwamba atamchukua ng'ombe au atamuua Beard. Siku ya tukio alimsogelea Beard kwa kasi, mkono wa kushoto ukiwa mfukoni. Beard, aliyekuwa na bunduki, hakufyatua. Alimpiga nayo kichwani, na Jones akafa kwa jeraha hilo. Parker aliiambia juri kwamba kwa kuwa Beard alikuwa nje ya nyumba yake, alipaswa kurudi nyuma kama angeweza. Juri ikamwona na hatia ya kuua bila kukusudia. Mwaka 1895 Jaji John Marshall Harlan alitengua: mtu aliye kwenye ardhi yake, ambaye hakuanzisha ugomvi, halazimiki kukimbia. Kesi hiyo ya ng'ombe inatajwa hadi leo Wamarekani wanapobishana kuhusu mipaka ya kujihami.

Parker hakuzipokea hukumu hizi kwa unyenyekevu. Hasira yake ilifika kileleni kwa sababu ya Crawford Goldsby, kijana maarufu kwa jina la Cherokee Bill. Goldsby alihukumiwa kifo Aprili 1895 kwa kumuua Ernest Melton wakati wa uporaji wa duka, na kunyongwa kwake kulipangwa Juni 25. Rufaa ikasimamisha. Julai 26, akiwa bado mahabusu, aliipata bastola iliyoingizwa kwa siri na kumuua mlinzi wa jela, Larry Keating, mtu mwenye familia. Aliyemshawishi aisalimishe ile bastola ni Henry Starr, yuleyule wa kesi niliyoieleza, ambaye naye alikuwa humo ndani akisubiri kesi yake irudiwe. (Starr alifungwa, akasamehewa baadaye na Rais Theodore Roosevelt, na akafa 1921 kwa risasi akipora benki, safari hiyo akiwa na gari la injini.)

Parker alisema hadharani kwamba damu ya Keating inatokana na Mahakama ya Juu kuchelewesha adhabu na kutengua hukumu kwa kasoro ndogo za kitaalamu. Aligombana magazetini na mawakili wa serikali huko Washington, jambo ambalo ni nadra kwa jaji aliye kazini. Machungu yake nayaelewa. Keating alikuwa mtumishi wa mahakama yake. Lakini katika kesi ya Melton yenyewe Mahakama ya Juu iliikubali hukumu ya Parker, na Goldsby akanyongwa Machi 17, 1896. Rufaa ilichukua miezi tu. Kilichomwezesha kuua jelani ni bastola iliyopita mikononi mwa watu, na hilo lilikuwa swali la ulinzi wa jela.

Bunge lilikuwa limeamua tayari. Kwa sheria ya 1895, mamlaka ya Fort Smith juu ya Indian Territory yalikoma Septemba 1, 1896. Siku hiyo Parker hakuweza kukaa kitini. Alikuwa nyumbani, figo zimemshinda, na waandishi wakamfuata kitandani. Ada Patterson wa gazeti la St. Louis Republic alikwenda akitarajia mtu wa kutisha, akamkuta mzee mpole mwenye nywele nyeupe. Alikuwa na miaka 57 tu. Parker alimwambia kwamba yeye binafsi angekubali adhabu ya kifo ifutwe, mradi pawe na hakika ya adhabu, iwe ya aina yoyote, kwa sababu udhaifu wa haki uko kwenye kutokuwa na hakika. Alifariki Novemba 17, 1896. Akazikwa katika makaburi ya taifa ya Fort Smith, na Pleasant Porter, kiongozi wa Wacreek, akaweka shada la maua ya porini juu ya kaburi.

Katika miaka 21 Parker aliwahukumu kifo watu 160, wanne kati yao wanawake. Walionyongwa ni 79, na hakuna mwanamke hata mmoja. Karibu nusu, basi, waliokolewa na marais waliopunguza adhabu, na baada ya 1889 na Mahakama ya Juu, mbali na wachache waliokufa jela au wakitoroka. Ukija kuandika makala kuhusu mada hii, nusu hiyo ndiyo uitazame. Marais walikuwa wakizipunguza adhabu hizo hata kabla ya rufaa kuwapo, wakisoma mafaili kwa macho ya huruma, si ya sheria. Aliyekuwa na wakili mwenye jina au marafiki wa kumwandikia alikuwa na nafasi nzuri zaidi.

Kwa hiyo, alikuwa mkatili? Simwoni hivyo. Sheria ilimfunga mikono katika adhabu, alifanya kazi kuliko nguvu za mwili wake, na wenyeji wa asili walimwona rafiki kuliko walivyowaona viongozi wengi wa Washington. Lakini pia sikubaliani na wanaomsafisha kwa kusema ni sheria tu iliyonyonga. Kuiongoza juri hakukuwa amri ya sheria. Kulikuwa chaguo lake. Alilifanya kwa miaka 14 bila mtu wa kumwambia amekosea, akazoea, na aliyemwambia alipotokea akamwona adui. Makosa yaliyoonekana katika kesi za Starr, Hickory na Beard yasingeanza ghafla 1889. Naamini yalikuwapo pia katika kesi za miaka ya nyuma, na waliohukumiwa wakati ule walikuwa wameshazikwa.

Kama unataka mfano hai wa kuweka kwenye makala, zipo njia mbili. Kesi ya Alexander Allen, kijana mweusi aliyekuwa na umri wa takriban miaka 14 tukio lilipotokea, ilifika Mahakama ya Juu mara tatu. Mara mbili hukumu ya Parker ilitenguliwa. Mara ya tatu ilithibitishwa, Desemba 7, 1896, wiki tatu baada ya Parker kufa, na majaji wakakubali jaji aiambie juri iliyokwama kwamba walio wachache wajiulize kama shaka yao ina msingi. Maelekezo hayo bado hutumika katika mahakama nyingi za Marekani na bado yanazua ubishi. Njia ya pili ni kesi ya McGirt ya Julai 2020, ambapo Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba hadhi ya ardhi ya Wacreek kama ardhi ya wenyeji haikuwahi kufutwa kisheria. Tangu hapo kesi kubwa za jinai ambazo mshtakiwa ni mwenyeji katika ardhi hiyo zimerudi kwenye mahakama za shirikisho na za wenyeji wenyewe, karibu na mgawanyo ule wa enzi za Parker, safari hii rufaa zikiwapo.

Anza kusoma hukumu ya Starr ya 1894, kwa sababu Fuller amenukuu humo maelekezo ya Parker kwa urefu na utamsikia jaji akiongea mwenyewe. Kisha soma Beard. Allen iache ya mwisho, maana ndiyo ngumu.